Kisiki Kilichokuwa Nje ya Mstari

Asubuhi niliyokwenda kwenye duara kwa niaba ya mume wangu, niliwaamkia wanaume wote waliokuwapo na hakuna aliyeitikia. Mkuu wa duara, mtu aliyekuwa amekula ugali kwangu mara nyingi kuliko baadhi ya ndugu zangu, aliipokea shikamoo yangu kama vile nimemtemea mate miguuni. Kisha akaninyooshea kidole chini, kwenye mstari wa mawe. Nilikuwa nimeukaribia mno.

Nieleze kwanza, maana si kila msomaji amekaa machimboni. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, linaloshuka wima, lenye kuta zilizoshikiliwa na magogo tunayoyaita matimba. Letu lilikuwa porini, mwendo wa bodaboda kutoka Runzewe, na lilikuwa la washirika wachache: mkuu, mume wangu, na wengine wawili ambao kila alichosema mkuu walikiitikia. Kuzunguka mdomo wa duara walikuwa wamepanga mawe, hatua kadhaa kutoka shimoni, na mwanamke hakuruhusiwa kuyavuka. Waliamini kwamba mwanamke akifika mdomoni, dhahabu inakimbia. Sisi tuliopeleka chakula tuliweka masufuria nje ya mawe tukarudi nyuma, ndipo wao wakaja kuyachukua. Sikuwahi kugombana na jambo hilo. Nilikuwa na mambo mengine ya kugombana nayo.

Mume wangu alikuwa amelala kwenye chumba chetu cha kupanga, mguu umefungwa plasta ngumu kuanzia pajani hadi karibu na vidole. Jiwe lilimwangukia akiwa chini. Washirika wake walikuja kumwona mara moja, wakakaa mlangoni, wakaondoka kabla chai haijachemka. Nilijua maana ya haraka ile. Pale machimboni kulikuwa na desturi waliyoiita mkono. Siku ya kazi kubwa ya duara, kama vile kuteremsha mashine au kutoa maji, kila mwenye sehemu lazima awe na mkono kwenye kamba, wake mwenyewe au wa mtu aliyemtuma. Asiyekuwa na mkono siku hiyo amejitoa, na sehemu yake inagawanywa kwa waliokuwapo. Hakuna anayemfukuza. Anachukuliwa tu kwamba hayupo.

Na kazi kubwa ilikuwa imefika. Mvua zilikuwa zimejaza maji shimoni, matimba yalikuwa yameanza kulainika, na pampu ya kuazima ilikuwa imepatikana kwa siku mbili tu. Mtu niliyemwomba awe mkono wetu alikubali jioni. Asubuhi simu yake ilikuwa imezimwa, na nilipofika nilimwona amesimama bega kwa bega na mkuu, akiangalia viatu vyake. Wadogo zangu wa kiume wako Shinyanga na ng'ombe, wasingewahi. Mume wangu aliniambia nisiende, nitamwaibisha. Nilimwekea maji karibu na kitanda, nikafunga kanga kiunoni, nikaenda. Tungekosa mkono siku ile, ile miaka yote aliyoacha mapafu yake shimoni ingekuwa ya watu wengine.

"Shemeji, umefuata nini?" mkuu aliuliza.

"Nimekuja kuwa mkono wa rafiki yako."

Walicheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mchimbaji mmoja kutoka Kigoma, mtu wa maneno, ambaye hakuwa na sehemu kwenye duara bali alikuwa mtu wa kibarua. "Mkono wenye bangili!" alisema. "Jamani, leo kamba itavalishwa hereni."

"Bebe mayu," mkuu akasema. Wewe mama. Alihamia Kisukuma ili lile neno liniingie vizuri, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili wengine nao wafaidi. "Rudi kwa mgonjwa wako. Hapa si jikoni."

"Nimeona si jikoni. Jikoni kwangu watu wanaitikia salamu."

"Basi simama huko huko. Ukivuka jiwe hata kwa kidole, utabebwa."

Nikasimama huko huko. Nje ya mstari, karibu na mawe yenyewe, palikuwa na kisiki cha mninga kilichonifika kiunoni, kimekauka kikawa kigumu kama mfupa. Niliweka mkono juu yake nikaanza kutazama kazi yao.

Juu ya mdomo wa duara walikuwa wamesimamisha magogo matatu yaliyofungwa pamoja kileleni, na hapo kileleni wakaning'iniza kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Kamba nene ya katani ilifungwa kwenye pampu, ikapanda hadi kwenye kapi, ikashuka hadi kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini, ikapita nyuma ya nguzo hiyo, na kutoka hapo ikawa mikononi mwa wanaume. Sehemu iliyobaki ilikuwa ndefu, nao walikuwa wameitupa nyuma yao, lundo zima, hadi nje ya mawe, karibu na miguu yangu. Pampu ilikuwa ya chuma kitupu. Kuishusha tu kwenye pikipiki ya magurudumu matatu iliyoileta kulikuwa kumewatoa jasho wote. Na chini shimoni, kwenye ngazi ya kwanza ya matimba, alikuwa ameshateremka mshirika mmoja, ili pampu ikipita aielekeze isigonge kuta.

Nguzo ilikuwa inang'aa.

Jana yake walikuwa wamechinja kondoo. Kufanya kafara kabla ya kazi kubwa ni jambo la kawaida kule, na safari hii mganga alikuwa ameagiza kwamba nguzo itakayobeba mzigo ipakwe mafuta ya mkia wa kondoo, ili duara liipokee mashine kwa upole. Kondoo wetu wana mkia mnene wa mafuta matupu. Walikuwa wameipaka nguzo kuanzia chini hadi juu, na jua la asubuhi lilikuwa limeyayeyusha mafuta yale yakawa yanatiririka.

"Ndugu zangu," nilisema kwa sauti ya kutosha, "kwa mafuta hayo mzigo utawaponyoka. Yakwangueni pale kamba inapopita tu, mmwage majivu makavu. Na kamba izungushwe. Isipite mara moja hivyo, izungushwe kabisa, hata mara tatu."

Mkuu aligeuka polepole. "Umekuja kuwa mkono, au umekuja kuharibu kafara?"

"Kafara libaki. Pakeni magogo ya juu, pakeni hata pampu. Lakini pale kamba inaposhikia..."

"Mume wake hajapona, anataka na sisi tuvunjike," alisema yule niliyemwomba jana. Hilo lilinichoma kuliko mengine.

"Hapana, anatufundisha," alisema wa Kigoma. "Mwalimu, tusimame mstari? Tunawe mikono?"

Lakini kwa kuwa wewe msomaji hujanikejeli, wewe nitakueleza, na ninakuomba usiogope, kwa sababu ni jambo linaloeleweka na mtu yeyote aliyewahi kufunga mbuzi.

Kwetu hapakuwa na wavulana wakubwa, kwa hiyo ng'ombe walikuwa kazi yetu wasichana. Siku ya kuwanywesha dawa, madume yalikuwa shida. Dume halivutwi, linakuvuta. Baba alinionyesha: mtupie kamba kwenye pembe, halafu kimbia na mkia wa kamba kwenye mti wa zizi, uzungushe, uzungushe tena, uzungushe tena, kisha ushike ncha kwa mkono mmoja na utulie. Dume linaruka, linavuta, linachimba ardhi kwa kwato, na mimi, msichana mwembamba, nimesimama kama ninayesubiri maji yajae ndoo. Baba hakuwa mtu wa kusifu. Alisema tu, "Usishindane naye. Mwachie mti."

Kinachotokea ni hiki. Kamba inapokazwa kuzunguka mti, inaubana mti, na mti nao unaukwaruza mwili wa kamba na kuuzuia usiteleze. Kila kipande cha kamba kilicholala kwenye gome kinakula sehemu ya mvuto, kisha kinakipa kipande kinachofuata kile kilichobaki. Ukimaliza mzunguko mmoja, mvuto umepungua sana. Mzunguko wa pili hauanzi upya na mzigo mzima, unaanza na mabaki ya wa kwanza, na kuyapunguza vilevile. Wa tatu unapokea mabaki ya mabaki. Ndiyo maana mzunguko mmoja zaidi una nguvu kuliko wanaume wengine watatu. Na mti hauna haja ya kuwa mnene. Mwembamba usiovunjika unafaa vilevile, maana kinachofanya kazi ni idadi ya mizunguko na ukavu wa gome.

Lakini kuna sharti. Lazima mkono ushike ncha, hata kwa wepesi. Mti unazidisha kile unachoupa. Ukiupa kidogo, unakurudishia kingi. Usipoupa kitu, hauna cha kuzidisha, na kamba inafumuka mzunguko baada ya mzunguko kana kwamba mti haupo. Na mafuta? Mafuta yanaondoa ule mkwaruzo wenyewe. Hapo hata uwe na mizunguko, umezungusha kamba kwenye samaki.

Wao hawakuwa hata na mizunguko. Walikuwa na kamba iliyopita nyuma ya nguzo mara moja, kwenye mafuta. Walikuwa wamezoea kuteremsha mizigo midogo hivyo, kwenye nguzo kavu, na mikono yao ilikuwa imewadanganya kwamba nguvu ni yao.

Mkuu alihesabu, wakavuta, pampu ikanyanyuka kutoka kwenye mbao zilizolazwa juu ya mdomo wa shimo. Mmoja akaondoa mbao. Kwa muda mfupi chuma kile kikaning'inia juu ya shimo, kikijizungusha taratibu, nao wakajisikia wanaume.

"Achia kidogo," mkuu alisema.

Wakaachia kidogo, na kamba ikachukua nyingi. Sikusikia kelele yoyote kwenye nguzo. Kwenye nguzo kavu kamba hulia, ukaisikia inabishana na mti. Hii ilipita kimya kama nyoka. Pampu ikazama shimoni, wanaume wakaburutwa mbele, visigino vikichora ardhi. Mmoja akaanguka akaachia. Wa Kigoma akapiga yowe kwa sababu katani ilikuwa inamchuna viganja. Na kutoka chini ikaja sauti ya yule aliyesimama kwenye matimba, jina la mama yake, mara moja, kisha neno moja tu tena na tena: "Shikeni! Shikeni! Shikeni!"

Lundo la kamba lilikuwa miguuni pangu, nalo lilikuwa limeanza kupungua.

Nilichukua sehemu iliyolegea kati yangu na wale wanaume, nikaizungusha kwenye kisiki. Mzunguko wa kwanza kamba ilikimbia ndani ya mikono yangu. Wa pili ikasita. Wa tatu nikaibana ncha tumboni nikakaa chini nyuma ya kisiki, na mninga ule ukalia, ule mlio ninaoufahamu tangu utotoni, kama mlango mkavu unaofunguliwa na mtu asiye na haraka. Kamba ikakazika kutoka kwenye kisiki hadi kwenye nguzo, ikatetemeka, ikatulia.

Pampu ilikuwa imesimama juu ya kichwa cha yule mtu. Baadaye alisema angeweza kuigusa.

"Achieni sasa," nikawaambia. "Imeshika."

Hakuna aliyeachia. Walikuwa wameinama na kamba yao kama watu wanaong'ang'ania ukingo wa mto, nyuso zimejaa mishipa. Wa Kigoma ndiye aliyeachia kwanza, si kwa kuniamini, bali viganja vyake vilikuwa vimekwisha. Alifumba macho akaachia. Halafu akafumbua, akatazama kamba, akanitazama mimi nilivyokaa.

"Haiendi," alisema. "Jamani, haiendi. Mama amekaa."

Mmoja mmoja wakaachia. Mkuu alikuwa wa mwisho. Aliponyooka, kitu cha kwanza kilichomtoka kinywani hakikuwa kuuliza kama mtu wa chini ni mzima.

"Nani amempa mwanamke kamba?"

"Ilikuja yenyewe," nilisema.

"Achia!"

"Nikiachia, utamzika ndugu yako."

"Nimesema achia! Mikono yako iko kwenye kamba ya duara!"

Nilimwonyesha mkono wangu. Nilikuwa nimeshika kwa mmoja tu, na vidole havikuwa vimekakamaa hata. "Huu ndio uliobeba pampu sasa hivi, kaka. Huu na kisiki. Ukitaka kuupokea, njoo upokee vizuri, nitakuonyesha. Lakini usiuguse kwa hasira."

Aliugusa kwa hasira. Alivuka mawe yake mwenyewe, akaninyang'anya ncha na kuivuta juu, kuelekea kifuani pake, kama mtu anayechota maji kisimani. Ukivuta ncha kwa namna hiyo, mzunguko wa mwisho unapanda juu ya wenzake na kuwalalia. Ndivyo ilivyotokea. Kamba ikajibana yenyewe, na alipojaribu kulegeza ili pampu ishuke, haikushuka. Haikushuka wala haikupanda. Akavuta, akatikisa, akaipiga teke.

"Mnafanya nini huko juu?" sauti ya chini iliuliza. Ilikuwa imeanza kukwaruza. "Matimba yanalia huku! Teremsheni au vuteni!"

"Mkuu," wa Kigoma alisema, akipuliza viganja vyake, "mrudishie mama kamba yake."

"Nyamaza."

"Nyamaza mwenyewe. Aliye chini ni mtu."

Nilimwambia mkuu asimame pembeni. Kwa sauti ile ile ninayotumia kumwambia mwanangu atoe mkono karibu na jiko. Nadhani ndiyo iliyomfanya asogee, kwa mshangao. Kisha nikawaambia wengine washike kamba kati ya nguzo na kisiki, wavute pamoja kuja kwangu, kiasi cha shubiri tu, waniondolee uzito kwa pumzi moja. Walivuta. Kamba kwenye kisiki ikalegea, nikaushusha ule mzunguko uliopanda, nikaipanga mizunguko upya kuanzia juu kwenda chini, mmoja chini ya mwingine kama nyuzi za kikapu, nikashika ncha kwa chini. "Haya, achieni." Mninga ukalia tena. Ikashika.

Kuteremsha kulikuwa kurefu na hakukuwa na uhodari wowote ndani yake. Unailisha kamba kwenye mti kidogo kidogo: mkono mmoja unasukuma, mwingine unapokea, wala haiachani. Ukilegeza, mizunguko inapumua na mzigo unashuka. Ukikaza, unasimama. Mikono yangu haikuchubuka. Wa Kigoma alikaa kwenye mawe, upande wa ndani, akanipokezea maneno kutoka chini: shusha, shusha, ngoja, sogea, shusha. Mkuu alisimama mbali ametupa kisogo, kana kwamba kazi ile ilikuwa inafanyika kwenye duara la jirani.

Pampu ilifika majini. Jenereta likaunguruma, bomba likajaa, na maji yenye rangi ya chai ya maziwa yakaanza kumwagika bondeni. Yule aliyekuwa chini alipanda. Alikuwa mmoja wa wale wawili waliomwitikia mkuu kila jambo. Alipita mbele yangu, matope hadi nyusi, akaenda kunawa.

Mimi nikamwambia mkuu, mbele ya wote: "Mkono wa mume wangu umekuwapo."

"Haukuwapo. Mkono wa mwanamke si mkono wa duara. Tena umevuka."

"Nimevuka wapi?"

Wote walitazama chini. Kisiki kilikuwa nje ya mawe. Nyayo zangu zilikuwa zimechora ardhi nyuma yake, na hakuna hata moja iliyoingia ndani.

"Hajavuka," alisema wa Kigoma. "Kamba ndiyo imetoka. Wewe ndiye umevuka kumfuata."

Mtu mmoja alicheka, na mkuu alimtazama hadi akanyamaza. Wakabishana. Walibishana kwa ukali kama mahakimu, wakasahau kwamba niko pale. Mmoja alisema kamba ikishikwa nje ni sawa na kushikwa ndani. Mwingine akasema kama ni hivyo, basi hata wauza kamba mjini Geita wamevuka. Yule niliyemwomba jana alisema kafara limeshaharibika na dhahabu imeshaenda. Hapo ndipo aliyekuwa chini aliposema neno lake la pekee, akiwa bado anajikausha uso kwa shati. "Kesho kutwa pampu inatakiwa irudi kwa wenyewe. Itapandishwa na nani?"

Waliitazama mikono yao. Nyama ilikuwa wazi.

"Naweza kuwafundisha," nilisema, na niliposema nilimaanisha. "Si kitu kigumu. Hata leo, kabla jua halijawa kali. Kuvuta juu mtavuta ninyi, mimi nitakuwa nakusanya na kushika mnapopumzika."

"Hatutafundishwa," mkuu alisema. "Utashika wewe. Huko huko nje. Mume wako sehemu yake ipo mpaka atakaposimama. Lakini usilete mdomo wako hapa, na chakula chako sitakula tena."

Na hakula. Kwa muda wote uliobaki, kila mzigo mzito wa duara lile, matimba mapya, injini, pampu iliporudi mara ya pili, ulipitia kwenye kisiki. Zamu yangu ikifika walikuwa wananiita kwa kugonga chuma, si kwa jina. Nilikuta mara nyingine takataka zimerundikwa pale ninapokaa, na mara moja mtu alikuwa amejisaidia. Nilizoa, nikamwaga mchanga mkavu, nikashika kamba. Kwenye duka la mangi mke wa mkuu aliniuliza kwa sauti kama nyumbani kwangu ni mimi ninayevaa suruali. Wa Kigoma peke yake alijifunza. Alikuja siku moja akiwa na kipande cha kamba na ndoo ya mawe, akaniomba nimwonyeshe, na aliposhika ndoo nzima kwa vidole viwili alicheka hadi akakaa chini. Halafu akaniomba nisiwaambie wenzake kwamba aliniomba.

Mume wangu alipotoka kwenye plasta alitembea kwa fimbo kwa muda, kisha akasema yuko tayari. Shimoni asingeweza kushuka bado. Angeshika kamba. Tulikwenda pamoja kwa bodaboda moja. Mkuu alimwitikia salamu yake, wakakumbatiana, wakaulizana habari za mguu. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kisiki nikapanga mizunguko, kwa kuwa mzigo wa matimba ulikuwa tayari umefungwa.

"Nipishe," mume wangu alisema.

"Shika kwa chini. Ukivuta juu, mzunguko unapanda."

"Nimeanza kamba kabla sijakuoa."

Nilimpa ncha. Aliishika kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo imemtoka, na wanaume waliposukuma mzigo juu ya shimo haukwenda popote.

"Shusha!" mkuu alisema.

Hakuweza. Alikuwa ameikaza kwa nguvu zake zote, akidhani yeye ndiye aliyebeba magogo yale.

"Legeza," nilimwambia, taratibu, ili wengine wasisikie. "Uzito haupo kwako. Upe mti kidogo tu. Sukuma kwa huu, pokea kwa huu."

Hakunitazama. Lakini vidole vyake vililegea, kimoja kimoja, na mninga ukaanza kulia, na magogo yakaanza kushuka. Aliruhusu shubiri, akasimamisha. Akaruhusu nyingine. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Sasa yupo mwenyewe," mkuu alisema kutoka ndani ya mawe. "Mwanamke aende."

Mume wangu aliendelea kulisha kamba. Hakusema niende wala hakusema nibaki. Nilisubiri hadi mzigo ulipofika chini na kamba ikalegea, nikajua atauweza. Kisha nikafuta mchanga kwenye kanga, nikaenda barabarani kutafuta bodaboda ya kurudi.